Ng' ya Ng'ombe na Lita 118

Siku ya malipo ya maziwa watu hufika kituoni mapema kuliko siku ya kuleta maziwa yenyewe. Ilikuwa Machi 2024, huku Rungwe, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha kama kawaida yake mwezi huo. Wafugaji walisimama chini ya bati na mabuti yao, kila mmoja na kijitabu chake cha lita kilichoviringishwa ndani ya nailoni kisilowe. Mimi nilikuwa nimepanda kutoka Mbeya na kosta ya asubuhi kwa ajili ya printa ya ofisi ya ushirika. Malipo hayakunihusu.

Mzee mmoja akafika mbele ya karani, akafungua kijitabu. Lita 214 kwa mwezi. Ujumbe wa malipo kwenye simu yake ulikuwa wa lita 96. Hakupaza sauti. "Mwanangu, hizi nyingine zimekwenda wapi?"

"Baba, nilizipima mwenyewe na nikaziandika mwenyewe. Tazama, hata kwenye simu ya kituo zipo."

Zilikuwapo kweli. Kila asubuhi ya mwezi ule: lita tatu na nusu, lita nne, lita nne na robo, na pembeni ya kila mstari alama ya kijani na neno "Imehifadhiwa". Kwenye orodha ya ofisini, ile inayotoa malipo, hazikuwapo. Na wakati karani anageuza simu ili mzee aone, mtu mmoja nyuma kwenye foleni akasema, bila kutaja jina la mtu, kwamba siku hizi kuna nyumba zinasimama Tukuyu kwa maziwa ya wenzao.

Karani hakujibu. Aliishika tu ile simu, kidole gumba kikiwa juu ya neno "Imehifadhiwa".

Ule ukimya wake ndio ulionifanya niandike haya.

Mimi naishi kwa kazi ya kompyuta. Nina chumba kidogo Soweto, hapa Mbeya mjini, na watu huniletea laptop, simu, printa na mafaili yaliyopotea. Wote huja na neno moja: "inasumbua". Ndani ya neno hilo mna mambo mawili ambayo hayafanani hata kidogo. Kuna mtu ambaye programu yake ni nzima ila yeye amekwama, labda mpangilio umebadilika, labda hajui kitufe kiko wapi, labda mashine yake ina ugonjwa wake. Huyo anahitaji mtu wa kumwelekeza. Na kuna mtu ambaye amefanya kila kitu sawasawa, ila programu yenyewe ina kasoro, na hata aje mwingine kwa simu nyingine atadondoka palepale. Huyo hata akielekezwa mwaka mzima haitasaidia. Dawa yake iko kwa aliyeiandika programu, naye hatajua kitu mpaka apelekewe taarifa ya hitilafu.

Kuyachanganya kuna gharama. Lile la kwanza ukilipeleka kwa mafundi wa programu, wanaacha kutengeneza vilivyovunjika ili wakufundishe kuweka mipangilio. La pili ukilipeleka kwa mtu wa huduma kwa wateja, atakwambia uzime uwashe, halafu lawama inabaki kwako uliyeshika simu. Siku ile kituoni niliona kwa macho yangu lawama inavyokaa juu ya mtu.

Ushirika uleule ulikuwa umenionyesha upande wa pili mwaka mmoja kabla. Mei 2023, kabla hawajaletewa aplikesheni ya simu, mhasibu wao alinipigia akiwa amekasirika. Walikuwa wamepewa laptop na marafiki wa kanisa kutoka Ujerumani, nzuri, yenye kasi, na yeye alikuwa akiingiza lita kwenye Excel. Akiandika 12.5 inageuka "12. Mai". Akiandika 9.8 inakuwa "09. Aug". Chini kabisa jumla ya lita za siku moja ilikuwa mamia ya maelfu. "Kaka, hii programu ni mbovu, waandikie wenyewe."

Nilimwomba afanye kitu kimoja tu: aandike 12,5 kwa mkato. Ikakaa, lita kumi na mbili na nusu, bila mwezi wala nini.

Kompyuta ilikuwa bado inaishi Ujerumani. Huko desimali huandikwa kwa mkato, na nukta hutenganisha siku na mwezi, kwa hiyo mtu akiandika 12.5 Excel inaelewa tarehe 12 ya mwezi wa 5, na ndivyo Mjerumani anavyotaka ielewe. Jumla ilikuwa kubwa kwa sababu ndani kwa ndani Excel huhesabu tarehe kama siku tangu mwanzo wa 1900, na 12 Mei 2023 ni namba 45058. Kila ndoo iliyosomwa kama tarehe ilikuwa imegeuka siku elfu arobaini na tano. Tukabadilisha eneo kwenye mipangilio ya Windows, ikaisha kwa dakika tatu (ila zile lita zilizokwisha kugeuka tarehe ilibidi aziandike upya, kwa sababu kubadilisha mpangilio hakurudishi kilichokwisha kugeuzwa).

Je, kulikuwa na cha kuripoti pale? Hapana. Programu ilifanya ilichokusudiwa kufanya. Swali ninalojiuliza kwanza siku zote ni hilo: aliyeitengeneza akiwa amesimama hapa nyuma yangu, angesema "ndivyo ilivyo" au angeshtuka? Kwa laptop ile angesema ndivyo ilivyo, badilisha eneo. Ukiwa hujui angesema nini, basi bado uko kwenye kuuliza, hujafika kwenye kuripoti, na kuuliza hakuna aibu.

Kuna na ya katikati. Excel hiyohiyo inaamini kwamba mwaka 1900 ulikuwa na Februari 29. Haukuwa nayo. Kosa hilo lilitokana na Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyotawala kabla yake, na Microsoft wakaliacha kwa makusudi ili mafaili ya zamani yasivurugike. Wanalijua na wameliandika wenyewe kwenye maelezo yao. Ukiwapelekea leo, hujawaambia kipya. Ndiyo maana kabla ya kuripoti lazima utafute kwanza kama kuna aliyekutangulia. Mara nyingi yupo, na pengine ameshajibiwa.

Turudi kituoni.

Karani alikuwa ameshapiga namba ya huduma ya ile kampuni ya aplikesheni mara tatu kabla ya siku ya malipo. Mara ya kwanza aliambiwa ni mtandao. Mara ya pili aongeze bando. Mara ya tatu aifute aplikesheni na kuiweka upya, jambo ambalo nashukuru hakulifanya, maana zile lita zilikuwa kwenye ile simu peke yake. Siwalaumu sana waliopokea simu. Alichowaambia ni "data haziendi", na kwa milima yetu hii data za watu wengi haziendi kwa sababu ya mtandao kweli. Maneno mawili yale yanamweka mtu moja kwa moja kwenye foleni ya msaada, na foleni ya msaada ina majibu yake tayari.

Tukakaa ofisini, mimi, yeye na mhasibu, vijitabu vikiwa mezani. Wafugaji waliopunjwa walikuwa tisa. Tisa kati ya mia na kitu. Hapo mtandao ulianza kunipa mashaka, kwa sababu mtandao haukubagui. Ukikatika saa moja asubuhi unakata wote waliopimwa saa moja. Hawa tisa walipimwa saa tofauti, siku tofauti, na mbele yao na nyuma yao kulikuwa na wengine ambao maziwa yao yalifika salama.

Kitu cha pili: yule mzee alikosa lita 118, na tulipojumlisha asubuhi zake zote tukapata 118 kamili. Lita 96 alizolipwa zilikuwa za jioni. Jioni hupima kijana mwingine kwa simu nyingine. Nikadhani tumelipata, simu ya asubuhi ni mbovu. Mbona basi imepeleka za wengine wote? Nikapanga majina kwa njia wanazotoka, kwa vitongoji, kwa tarehe ya kuandikishwa. Hakuna kilichojitokeza. Nilikuwa nimeyatazama yale majina tisa zaidi ya saa nzima kwa macho tu.

Karani ndiye aliyeyasoma kwa sauti. Alikuwa anamsomea mhasibu ili aweke alama, jina moja, la pili, la tatu. Kwenye la sita akanyamaza, akarudi juu, akaanza tena polepole. Kisha akaniangalia. "Kaka, mbona hawa wote wana ng'?"

Wote tisa. Huku kwetu ng' imejaa kwenye majina ya watu, ya Kinyakyusa na ya Kisafwa, ng' ileile ya ng'ombe na ya kung'aa. Tukageuza swali: kuna mwenye ng' ambaye hakupunjwa? Wapo wawili. Wote wawili huleta maziwa jioni tu.

Mtu akifika hapo ajizuie kukimbilia kuandika, kwa sababu bado ni dhana. Tukamwandikisha mfugaji ambaye hayupo duniani, tukamwita Mjaribu Ng'ombe, tukampa lita 1 kwenye simu ya asubuhi. Kijani, "Imehifadhiwa". Ofisini hakufika. Tukamwandika tena Mjaribu Ngombe, bila ritifaa, ile alama ndogo ya juu baada ya ng. Kabla sijamaliza kuvuta kiti alikuwa ameonekana kwenye orodha ya ofisi. Tukarudia mara tatu tatu. Mara tatu wa kwanza alipotea, mara tatu wa pili alifika. Simu ilikuwa na mtandao uleule na bando lilelile.

Ikabaki simu ya jioni. Mjaribu Ng'ombe kutoka simu ya jioni alifika bila shida, na hapo ndipo nusura nichanganyikiwe. Tukaziweka simu mbili pamoja, tukakuza maandishi hadi herufi zikawa kubwa kama kucha. Kwenye simu ya asubuhi ritifaa ilikuwa imenyooka kama msumari. Kwenye ya jioni ilikuwa imejikunja kama tisa ndogo. Kibodi mbili, ritifaa mbili, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti kabisa, hata kama kwetu sote ni ng' moja.

Ile iliyonyooka ina kazi nyingine kwenye SQL, lugha ya kuamuru kanzidata, yaani ghala la taarifa lililo kwenye seva, kompyuta inayopokea rekodi za simu. Huko hutumika kufungua na kufunga maneno, kama sisi tunavyotumia alama za kunukuu. Programu isipoandikwa kwa uangalifu, jina likifika kwenye ritifaa kanzidata inaamini jina limekwisha, na "ombe" inayobaki inaonekana kama amri isiyoeleweka. Inakataa mstari mzima. Waayalandi wenye majina kama O'Brien wamelizoea tatizo hilihili miaka mingi, kwa hiyo si ugonjwa mpya, na dawa yake inajulikana. Ila aliyeandika aplikesheni ya kupimia maziwa Rungwe alipaswa kuwa na ng' moja kwenye majaribio yake. Hilo nalisema kwa uchungu. Huwezi kutengeneza kitu kwa Kiswahili kisichoweza kubeba neno ng'ombe.

Sasa tulikuwa na taarifa ya hitilafu. Tuliiandika usiku uleule, na naiweka hapa karibu nzima kwa sababu ufupi wake ndio uliofanya kazi:

"Mfugaji ambaye jina lake lina ritifaa iliyonyooka, rekodi zake hazifiki kwenye seva. Kurudia: andikisha mfugaji Mjaribu Ng'ombe, ingiza lita 1, tuma. Tulitarajia ionekane ofisini. Haionekani. Bila ritifaa inaonekana. Kwa ritifaa iliyopinda inaonekana. Tumerudia mara tatu kwa kila namna, mtandao ukiwa mzuri. Simu na toleo la aplikesheni tumeambatanisha kwa picha."

Tukaandika na ya pili, peke yake: simu inaonyesha "Imehifadhiwa" wakati seva imekataa. Kwangu hii ya pili ndiyo kubwa zaidi. Programu kukosea ni jambo la kawaida, lakini ikikosea na kuonyesha kijani inamfanya karani aonekane mwongo mbele ya watu. Tulizitenganisha kwa sababu hitilafu mbili ndani ya barua moja huishia kutengenezwa moja.

Hatukuipeleka taarifa mahali pa wazi. Mlango uleule wa ritifaa, mtu mbaya akiujua, anaweza kuutumia kupenyeza amri zake ndani ya kanzidata. Hitilafu ya aina hiyo hupelekwa kimya kwa wenye programu, na unanyamaza mpaka waitengeneze. Na hatukuambatanisha orodha ya wafugaji. Ina majina, namba za simu na malipo ya watu. Tangu Mei 2023 nchi ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi, lakini hata isingekuwapo, mtu hapeleki mambo ya jirani yake kwa wageni. Mjaribu Ng'ombe alitosha.

Kuna wanaoniambia hizi taarifa ni kazi ya wataalamu na wanaojua Kiingereza. Kwenye programu huria, ambako milango iko wazi kwa yeyote, nimeona sivyo. LibreOffice, programu huria ya kuandikia na ya majedwali iliyoanzishwa 2010, ina sehemu mbili tofauti: Ask ya kuulizia, na Bugzilla ya hitilafu, mfumo uliozaliwa Mozilla, kwa watengenezaji wa Firefox, mwaka 1998. Ukipeleka taarifa Bugzilla huanza ikiwa na alama ya "haijathibitishwa", na hubaki hivyo hadi mtu mwingine, kwenye kompyuta yake, afuate hatua zako na kuona ulichoona. Mtu huyo anaweza kuwa Brazili au Uhindi. Anachohitaji ni hatua, na hatua huandikwa kwa Kiingereza cha darasa la saba: fungua hiki, bonyeza kile, ikatokea hivi. Nimewahi kuthibitishiwa kwa sentensi nne zenye makosa mawili ya sarufi.

Kabla ya kufika huko LibreOffice yenyewe inakupa kipimo kizuri. Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2017 ina hali salama, unaifungua ikiwa kama imewekwa leo, bila mipangilio yako. Tatizo likitoweka humo, ugonjwa uko kwenye mipangilio yako, nenda kaulize. Likibaki, una cha kuripoti. Na ukikosea mlango hawakufukuzi. Launchpad, tovuti ambako Ubuntu, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, hupokea taarifa zake, wanaweza kuigeuza taarifa ya hitilafu kuwa swali na kuihamishia upande wa majibu. Kwa hiyo woga wa kukosea mlango usimfanye mtu akae kimya. Kinachoudhi ni kuitwa uongeze maelezo halafu usirudi. Hapo hufungwa, na ni haki.

Kampuni ya aplikesheni ya maziwa ilijibu kesho yake kwa swali moja: kibodi gani? Tukajibu. Siku kumi na mbili baadaye likaja toleo jipya. Karani alituma tena asubuhi zote zilizokwama kutoka kwenye simu ambayo hakuifuta, na zote zikafika. Yule mzee alilipwa lita zake 118 mwezi uliofuata, ofisi ikamwita mbele ya foleni na mhasibu akaeleza kwa sauti kwamba karani aliandika sawasawa tangu mwanzo. Mzee akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Ndaga fijo, mwanangu," asante sana kwa Kinyakyusa. Aliyesema habari za nyumba za Tukuyu alikuwapo pia. Sikumsikia akisema kitu.

Mwezi wa sita nikapata ujumbe kutoka kwa karani, usiku, bila salamu, jambo lisilo la kawaida yake:

"Simu ya jioni, toleo jipya. Mfugaji akileta mara mbili jioni moja, ya pili inafuta ya kwanza. Nimetumia jina la Mjaribu, lita 2 kisha lita 3. Ofisini inaonekana 3 tu. Nilitarajia 5. Nimerudia mara tatu. Simu ya asubuhi haifanyi hivyo, yenyewe bado ina toleo la kabla ya hili. Mtandao upo, nimepiga picha."

Sikubadilisha neno. Niliituma kwao kama ilivyo.